Kadi ya Alama

Tulishuka stesheni ya Dar saa nne kasoro,
wanaume wanne na mikoba minne mirefu.
Askari wa getini akauliza, "Humo mna bunduki?"
Shirima akamjibu, "Mna aibu, afande. Tumeifunga vizuri."

Miaka sita tuliisema safari hii kule Morogoro,
kwenye uwanja wetu wa mteremko na mbuzi:
iko siku tutacheza gofu ya pwani,
kwenye majani wanayokanyaga mabalozi.
Basi siku ikafika, na jua lake la utosi,
na upepo wa chumvi usiobisha hodi
ukauchukua mpira wangu wa kwanza
ukaupeleka ulikotaka wenyewe.

Kedi wetu, Mwinshehe, kijana wa Magomeni,
hakucheka. Alikohoa tu, kikohozi cha adabu.
"Hapa mzee usishindane na upepo," alisema.
"Uombe njia."

Shimo la tatu nilipiga vizuri. Naapa.
Mpira ulinyooka kama kauli ya mtu asiye na deni,
ukatua, ukadunda mara mbili, ukatulia.
Ndipo kunguru, mmoja wa wale wenye kola ya kijivu
wanaotembea mjini hapa kama wenye hati za viwanja,
akaudonoa, akaubeba, akaenda zake.

Nilipiga kelele. Shirima alikuwa anafunga kamba ya kiatu,
Mapunda anakunywa maji,
Rweyongeza yuko kwenye simu anauza mahindi.
"Kunguru!" akasema Rweyongeza, mkono umefunika simu.
"Mvi zote hizo, na bado kunguru!"
Walicheka hadi shimo la tano.
Pigo la adhabu nikajiandikia mwenyewe,
maana penseli nilikuwa nayo mimi.

Shimo la saba lina mivinje iliyojipanga kama foleni ya benki,
na ukivuka kwa macho barabara
lipo lile jengo: Ocean Road,
jina ambalo kwetu halitajwi wakati wa kula.
Sikulitazama. Nilijua lilipo
kama ulimi unavyojua pengo.

Siku ishirini na tatu, mwaka juzi.
Yustina ndani, chini ya mashine,
mimi nje kwenye benchi la saruji,
na Mapunda ubavuni na gazeti moja
alilolisoma mpaka zabuni za halmashauri.
Aliuza trekta lake. Hakuniambia.
Niliambiwa na aliyelinunua.

Sasa Mapunda huyohuyo,
mpira wake umelala nyuma ya mzizi,
alitazama kushoto, akatazama kulia,
na kwa ncha ya kiatu cheupe,
taratibu, kama anayemsogeza kifaranga njiani,
akausogeza hatua mbili, kwenye majani ya raha.

Nilimwona. Mwinshehe alimwona.
Akageuka, akatukuta tumesimama.
Kitambo kirefu. Mivinje inavuma.
"Kunguru," akasema Mapunda.

Nililamba ncha ya penseli.
"Wamezidi hapa," nikasema. "Manispaa imeshindwa."
Mwinshehe akakohoa.
Nikaandika nne.

Alitushinda kwa pigo moja, lilelile.
Tulimnunulia changu wa kukaanga, mkubwa kuliko sahani,
naye akatusimulia shimo la saba mara mbili,
na mara ya pili mzizi ulikuwa umenenepa.
Mwinshehe nilimpa chake, nikaongeza kidogo.
Alizihesabu, akanitazama.
"Yule wa shimo la tatu," akasema, "mimi nilimwona, mzee."
"Mbona hukusema?"
"Hukuniuliza."

Treni ya jioni. Simu ikalia.
"Ulivaa kofia?"
"Nilivaa."
"Mwongo. Nani kashinda?"
Mbele yangu Mapunda amelala, mdomo wazi,
soksi moja imevuliwa, kidole gumba kinapumua.
"Kunguru," nikamwambia.
"Nani?"
"Nitakueleza nikifika."

Mapunda akafungua jicho moja,
akalifunga.