Hatua Kumi na Tano

Kano waliichomoa karibu na kiganja,
wakaishonea kiwikoni:
mkono umejikopesha wenyewe.
Daktari hajui besiboli. Kwenye cheti,
chanzo cha jeraha: "kutupa mawe."

Miezi mitano nainua kopo la asali ya Sikonge,
kwanza tupu, halafu robo, sasa nusu.
Shangazi Kalunde hukagua kiasi,
anadhani nalamba.

Leo Mihayo amechuchumaa nyuma ya karakana ya reli,
glavu yake imefungwa kwa kamba ya kiatu.
"Hatua kumi na tano. Usijitie ushujaa."

Vidole vinakumbuka mshono wa mpira;
kiwiko, chenye mshono wake, kinasita.

Narusha.
Unadunda mara mbili, unabingirika vumbini,
unafika.

Mihayo hasemi kitu.
Anaupangusa kwenye suruali,
anaurudisha taratibu,
kama mtu anayerudisha chenji.