Ramani ya Taqiya

Mwalimu Raufa anataka ramani ya Aden kesho asubuhi,
kwa penseli za rangi.
Taqiya ana kalamu moja ya buluu
na mjomba mwenye lori la maji, ndiye mimi.

"Anza na mlima," nikamwambia.
Shamsan ni jino lililotoboka,
na ndani ya tundu lake watu wakajenga, wakaliita Kreta.
Joto likiingia humo halina pa kutokea.
Wa kale walichonga mahodhi mwambani, mvua isipotee bure.
Siku hizi yamekaa mdomo wazi,
na Ijumaa watoto huyalisha maganda ya karanga.

"Sasa pita Akaba." Gia ya pili,
lita elfu sita zinachezacheza mgongoni,
kisha mwamba unaachia na Maalla yote iko mbele yako,
barabara moja iliyopigwa rula,
maghorofa bega kwa bega
mpaka pale kwenye pengo.
"Hapa nichore nini?"
"Paache wazi."
"Mwalimu atasema sijamaliza."

Nikamharakisha hadi Tawahi,
kwenye mnara wa saa yenye saa zake yenyewe,
na winchi za bandari zilizoinama kama zimedondosha kitu.
Nikamrudisha Khormaksar, shingo ya mji.
Huku ndege za abiria, siku zikiwapo;
huku mashamba ya chumvi, na heroe juu ya mguu mmoja
utadhani nao wamepanga foleni ya maji.
Ng'ambo ya ghuba, Buraika na matangi yake.
Bara, Sheikh Othman, soko, vumbi, sisi.

Akachora kimya, ulimi nje.
Majina ya mitaa hakuandika. Aliandika:
Kreta, Jumatatu saa tisa usiku.
Tawahi, Alhamisi, matone.
Mansura, ikipenda.
Kwetu: mjomba.

Nilipotoka kuswali Isha nikakuta pengo limejazwa.
Ukuta hakuna, dirisha hakuna.
Kuna kamba ndefu inayoning'inia kutoka hewani,
na chini yake ndoo.

Ghorofa ya nne. Kamba ilikuwa ya kijani.
Dada yangu Nadhira aliteremsha ndoo akinigombeza
kwamba namjazia nusu kwa sababu ni ndugu,
na mtoto mgongoni akichungulia chini, akicheka.
Sikujua kwamba mtoto wa umri ule huweka kumbukumbu.

Amepata tisa juu ya kumi.
Moja imekatwa: ramani haina kipimo.
Taqiya amenuna tangu mchana.
"Kipimo nilikiweka," anasema, "hawakukiona tu.
Kutoka hapa mpaka hapa,
ndoo mbili."

Leo nimepita Maalla na lori tupu, sina mteja upande ule.
Mguu wangu ukakanyaga breki
kabla sijauambia.