Nozeli ya Nne

Isevya, saa mbili usiku. Umeme umerudi mnyonge,
taa inawaka nusu, feni inajifikiria.
Mezani nimepanga nozeli nne:
mbili za Mwanza, moja ya gari lililopinduka Nzega,
ya nne sijui, niliikuta ndani ya soksi.

Chini ya kila moja, chupa ya asali ya mama,
zile za robo lita, lebo zimekwanguliwa kwa wembe.
"Msinirudishie zikinuka petroli," alisema,
akijua kabisa kwamba zitanuka.

Nabonyeza. Kompyuta inaamuru: fungua, funga,
tiktiktiktik, mara elfu tano,
kila mdomo milisekunde tatu, basi.
Halafu kimya.
Nkwabi anainama, pua usawa wa chupa,
anavuta kwa bomba la kuchomea ng'ombe, anasoma:
hamsini na mbili.
Hamsini na mbili.
Hamsini na mbili kasoro tone.
Arobaini na n— na n— na nne.

Mkono wangu umeshaifikia ya nne niitupe.

Injini hii haina kitabu.
Kichwa cha Toyota, tumbo la kitu kingine,
tabo ya lori la tumbaku,
tumeishonea ndani ya Landrova ya mjomba
inayotakiwa Sikonge kabla mvua haijakata njia,
madumu ya asali yanaisubiri.
Hakuna wa kukwambia inakunywa kiasi gani.
Unapima, au inakuunguzia pistoni katikati ya pori
ukabaki wewe na nyuki.

"Su— subiri, fundi. Ipe sita."

Milisekunde sita, mara elfu tano zilezile.
Wenzake: mia na ishirini na saba.
Yenyewe: mia na kumi na tisa.
Nane jana, yaani nane sasa hivi, nane tena.
Ingekuwa imeziba, pengo lingekua.
"Haina ta— tatizo la kumwaga. Ina—"
Namwacha. Ilinichukua mwaka mzima kujifunza kumwacha.
"—inachelewa kuitika."

Darasa la nne, alinisimulia siku moja tukioshea grisi,
alichapwa kwa jibu alilokuwa nalo mdomoni.
Sita mara saba. Alilijua.
Fimbo ilifika kwanza.

Nafungua jedwali. Safu ya nne.
Sifuri nukta tatu mbili: theluthi ya milisekunde, haifiki hata.
Kuanzia leo kompyuta itaiita mapema kidogo,
naam yake ianguke pamoja na za wenzake.

Saa sita kasoro tukawasha.
Ikakohoa. Ikakohoa tena, ikazima,
Nkwabi akatukana bila kukwama hata herufi moja,
ikashika.
Ikatulia kwenye mia nane na hamsini,
sindano ya mizunguko imesimama kama imechorwa.

Asubuhi mama alinusa chupa moja moja mlangoni.
Ya nne akainusa mara mbili.
"Hizi," akasema, "wekeni chumvi."