Saba Kamili

Saa saba ya usiku, na mtambo nao wasema saba.
Saba nukta sifuri sifuri.
Jana saba. Juzi saba.
Siku kumi na moja daftari la zamu limejaa saba,
mikono minne tofauti, jibu moja,
na Bwana Twahiri ametia sahihi chini kwa raha zake:
"Maji yetu yametulia. Wataka nini tena, Nyevu?"

Maji hayatulii hivyo.
Maji ya kisima cha Changamwe yana chokaa na ubishi,
hupanda mnara wa kupozea, humwagika, hufuka mvuke,
asubuhi hivi, adhuhuri vile.
Kitu kisichotikisika hata robo
ama kimekufa ama chadanganya.

Nikachovya karatasi. Ikawa kijani, ikakipita kijani,
ikawa buluu kama sare ya shule.
Na pampu ya tindikali, iliyopaswa kuamka zamani,
imelala fofofo pembeni.
Nani aiamshe, na mtambo wasema saba?

Kihisi nikakitoa bombani kama mtu ang'oaye jino.
Kitone cha kioo, chembamba kuliko ganda la yai;
nikakisugua kwa mswaki laini, nikakisuuza.
Chupa nyekundu, ya nne: saba.
Chupa ya buluu, ya kumi: saba.
Ningekikamulia ndimu, kingesema saba.

"Hicho maiti," akasema Bwana Twahiri, simu i sikioni.
"Elfu arubaini na tano. Kesho kutwa chafika kutoka Nairobi."

Ngoja.
Humziki mtu kwa kuwa hapokei simu.

Nikauchomoa waya mgongoni mwa mtambo:
namba zikaanza kutangatanga kama kuku aliyefunguliwa kamba.
Basi mtambo mzima. Ulikuwa umezibwa mdomo.
Nikaufuata waya kwa vidole, mita kumi na mbili,
hadi kisanduku cha maungio nyuma ya mnara,
kile kilichofungwa kwa skrubu tatu badala ya nne.
Nikafungua. Kutu ya kijani. Na tone,
tone moja la jasho la Mombasa, na chumvi yake,
limejilaza baina ya nyaya mbili likizipatanisha.
Kila kioo kiliponong'ona, lilimeza neno njiani;
na mtambo usiposikia kitu
husema saba.

Bwana Twahiri akacheka mpaka akakohoa:
"Unyevu! Nyevu amekamata unyevu!"
Kicheko hicho nakijua tangu darasa la pili.

Spiriti, pamba, na mashine ya kukaushia nywele
niliyoazima saluni kwa dadangu, Mikindani,
bado yanukia mafuta ya nazi.
Skrubu ya nne niliitoa mfukoni mwangu.

Nyekundu: nne nukta sifuri mbili.
Buluu: tisa nukta tisa saba.
Kisha maji yenyewe:
tisa nukta mbili.

Kengele ikalia. Pampu ikakohoa,
ikaanza kudondosha tindikali, tone, tone,
kama mtu aliyekumbushwa deni.
"Umeliharibu!" Bwana Twahiri kaziba masikio.

Nikavuta daftari, ukurasa wa usiku huu.
Mikono minne, nilisema; mmoja wao ni huu wangu.
Nilipotazama, ulikuwa umeshaandika saba.
Nikaikata kwa mstari mmoja, isomeke bado.