Chumvi ya Jirani

Jikoni mwake, Refugio husikia
kijiko cha Amparo kikigonga sufuria.
Ukuta mmoja tu. Moshi wa pilipili huvuka bila kibali.

Lakini chumvi ikimwishia huwasha gari:
lango la mlinzi, barabara kuu, daraja,
kilomita nne, lango lingine,
kisha njia isiyotokeza.

Kwa mama yake, Hermosillo ya kati,
kila njia panda ilikupa
njia tatu za kuchelewa nyumbani.
Mji wa sasa wameupanda kama mti:
shina, tawi, kitawi,
jani. Basi.

Jana Amparo aliegemeza ngazi.
Chumvi ilivuka ndani ya soksi ya mtoto.

Mlinzi akaandika daftarini:
mgeni mmoja, hana gari.