Mstari Mmoja

Kipimo kilisema tena: mstari mmoja.
Hakuna malaria, Mama Nyanzala.
Akanitazama kama kondakta aliyemnyima chenji.
"Mara ya tatu hii kinasema hakuna,
na mara ya tatu mwili unawaka."

Homa yake ilikuja kama treni ya Kigoma:
siku nne inatikisa vyombo kabatini,
kisha kimya. Anarudi kwenye tumbaku, anapalilia,
anawaambia majirani imekwisha,
kisha honi.

Mara mbili tulimpa dawa ya mseto, kwa mazoea.
Nakiri, mwandiko ni wangu.
Hapa Usinge kila homa ni malaria
mpaka ithibitike vingine, na nani athibitishe
umeme umelala tangu Jumanne?

Siku ile nikaihamishia hadubini dirishani,
nikageuza kioo chake kidogo kulitafuta jua,
nikakaa na tone la damu lililokolea zambarau
mpaka shingo ikalalamika.
Chembe. Chembe. Uchafu wa rangi. Chembe.
Halafu ule pale, uzi
uliojisokota kama unywele ulioachwa kwenye kitana,
umejilaza kati ya chembe mbili, hauna haya.

"Unalala wapi, mama?"
"Chini. Kitanda nimewaachia wajukuu."
"Sakafu ya udongo?"
"Ya udongo."
"Ina nyufa?"
Akacheka. "Daktari, niulize wapi haina."
Sikumwambia kwamba mimi si daktari.

"Papasi," nikasema.
Akapiga paja.
"Novemba, nilipohamia kwa binti yangu,
jirani alinionya pale pale mlangoni:
humu papasi humpima mgeni.
Kumbe ninyi mlikuwa hamjaambiwa!"

Usiku wa kwanza dawa ilimtetemesha kuliko homa.
Nilikuwa nimemwonya; hata hivyo alinitukana kwa Kinyamwezi,
kwa ufasaha, mpaka alfajiri.
Asubuhi akaomba uji.

Baada ya masika watafiti wakaja
na koleo ndogo na vichupa vyenye namba.
Wakapiga magoti kwenye sakafu ya binti yake,
wakachokoa nyufa kama watu wanaotafuta hereni.
Wana kipimo kipya, bado wanakijaribu:
tone moja la kidoleni, na wanatumaini
kitamtaja mdudu kwa jina kabla chai haijapoa.
Nilikishika. Chepesi kuliko kiberiti.
Nikawakumbuka wote niliowarudisha nyumbani
na vidonge visivyo vyao.

Nyanzala akawaacha wamalize vichupa.
"Sasa mmemwona anapokaa," akasema.
"Saruji ya kumzibia mnaleta lini?"

Kijana wa fomu akafunua ukurasa,
akafunua mwingine.
Kulikuwa na kisanduku cha mbuzi, cha kuku, cha choo,
cha idadi ya wanaolala chini.
Saruji hapakuwa na pa kuiandika.

Akanitazama. Nikamwazima kalamu.
"Andika pembeni," nikamwambia. "Mifuko kumi na minne.
Tumeshapima chumba."