Shangazi Kaja

Yalikuwa manne pale sitahani, mistari ile ile,
buluu, nyekundu, nyeupe, zipu zimelegea.
Meli ilipogusa gati, nikabeba la kwako
kwa pupa ya mtu anayedhani Mwanza itaondoka.

Niligundua Mlango Mmoja, mbele ya sufuria ya maharage,
nilipotafuta noti niliyoikunja ndani ya soksi.
Soksi hakuna.
Kulikuwa na spana namba kumi na saba,
shati jeupe la shule, machungwa ya Ukerewe,
yale ya kijani, yanayodanganya kwa ganda,
na viatu vya mtoto, vimefungwa kamba kwa kamba
kama watu wanaoogopa kupoteana sokoni.

Mama ntilie akafunika sahani yangu na nyingine.
"Nenda ukatafute. Wali hauna miguu."

Pale bandarini mkata tiketi alinyoosha kalamu ukutani:
MZIGO NI DHIMA YA ABIRIA.
Kuli mmoja akaniambia, si kwa ubaya,
"Dada, hizi shangazi kaja zote mama yao mmoja."

Sikulia. Nilihesabu.
Nauli ya kurudi, kitenge, simu yenye chaji nusu,
na ile bahasha ya kahawia:
Nyanjige Mazigo, miaka sitini na miwili, picha ya kifua.
Mama mwenyewe kabaki Nansio, hawezi vilima.
Mbavu zake nyeupe kama mataruma ya mtumbwi unaoundwa,
na kati ya mbavu, doa
ambalo tabibu wa kwetu hakutaka kuliita jina.
Daktari wa kulisoma ni leo, saa nane. Kesho anasafiri.

Nikapanda Bugando kwa miguu,
begi lako begani, mawe kulia, mawe kushoto,
jua limekaa juu ya mawe kama mwenye nyumba.
Niliona heri nikaseme "nimepoteza"
kuliko kutokwenda kabisa.
Njiani nilikula machungwa yako mawili.
Niliyamenya kwa meno. Naliandika hili kwa sababu
sehemu nyingine za habari hii zinanipendeza mno.

Mlango namba tisa. Muuguzi anaita:
"Nyanjige Mazigo!"
Na sauti ya kiume, kavu, kutoka mwisho wa benchi,
ikaitika: "Yupo."

Ulivaa ovaroli yenye mafuta ya injini.
Bahasha umeilaza magotini, viganja vyote viwili juu yake,
kama mtu anayezuia mtoto asiamke.
Begi langu lilikuwa kati ya miguu yako, zipu haijafunguka zaidi
ya pale bahasha ilipopita.
"Niliona tarehe," ukasema. "Mwenyewe atakuja tu,
ila foleni haimsubiri mtu."
Saa mbili na nusu umekaa, na viatu vile
vinasubiriwa Mabatini.

Uliinua begi lako, ukalipima kwa mkono.
"Machungwa mawili," nikasema.
"Matamu?"
"Makali."
"Basi umekula ya mti mchanga. Yale mengine ndiyo yenyewe."
Ukaniwekea matatu mapajani, ukaondoka
kabla sijajua nikuite nani.
Jina nililolisoma ni la kwenye kola ya shati, kwa wino wa bluu:
Lushinge, Darasa la Tatu.

Ndani, muuguzi alinionyesha fomu uliyojaza.
Palipoandikwa UHUSIANO NA MGONJWA
uliandika, kwa herufi kubwa za fundi:
TUMEBADILISHANA BEGI.

Daktari akaiweka picha kwenye mwanga. Akanyamaza.
Akasogea. Akanyamaza tena.
"Hili doa la ndani," akasema, "mlete mama Jumatatu,
tulifuatilie."
Kisha akageuza bahasha, akakuta kwenye pembe
alama ya kidole gumba, nyeusi, ya grisi.
"Na hili?"

Akavuta pamba, akaichovya kwenye spiriti.

Hilo, daktari, liache.